Mbona straika wetu kaondoka bure? Usajili, mkopo na sabu: mambo ya kujua kabla hujabishana kijiweni

Iwe Ndanda, Masasi au Newala, siku moja baada ya mechi hoja ni zile zile. Kwenye kahawa, stendi ya bodaboda, nje ya kibanda umiza: "Kocha kakosea sabu." "Yule beki auzwe tu." "Tuwape winga wetu, watupe straika wao, basi yaishe."

Ubishi ni utamu wa soka, na hakuna anayetaka uishe. Lakini mengi tunayoyabishania yana majibu tayari, kwenye kanuni na kwenye mkataba. Na ukizijua kanuni hizo unagundua kitu kingine: timu za mikoani mara nyingi zinaanza kufungwa mezani kabla ya uwanjani.

Kwa ufupi

- Klabu haimiliki mchezaji. Inamiliki mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho.
- Mkataba ukibakiza miezi 6, mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine.
- Sabu ni 5, lakini nafasi za kusimamisha mchezo ni 3 tu.
- Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, klabu zilizomlea zina haki ya mgao. Wengi hawadai.

Kwa nini kusini suala hili linauma

Timu yenye jina la Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro. Wanakuchele wakawa wanazipokea Simba, Yanga na Azam kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini. Shabiki wa Masasi au Newala aliyezoea kuwaona mastaa kwenye runinga sasa alipanda basi kwenda kuwaona kwa macho yake.

Walikaa misimu sita. Mwisho wa msimu wa 2019/20 Ndanda FC ikashuka daraja, pamoja na Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza na Singida United.

Msimu huo huo, jirani zetu Namungo FC wa Ruangwa, mkoani Lindi, walikuwa wanacheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Wakamaliza nafasi ya nne, wakafika fainali ya Kombe la FA na kufungwa na Simba 2-1, kisha wakaenda mashindano ya Afrika na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho.

Timu mbili za ukanda mmoja, msimu mmoja: mmoja juu, mwingine chini. Kila kijiwe kina maelezo yake, na kuna lawama kwa makocha, viongozi na wachezaji. Cha uhakika ni kwamba timu ya mkoani haina nafasi ya kukosea kwenye usajili. Safari ya barabara kutoka Mtwara hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,500, viingilio vya mechi za kawaida si vikubwa, na wadau wengi mifuko yao inafuata bei ya korosho. Klabu kubwa ikisajili vibaya, dirisha linalofuata inanunua mwingine. Klabu ndogo ikisajili vibaya, inashuka.

1. "Kwa nini wamemuachia bure?"

Hili ndilo swali namba moja. Mchezaji kafunga magoli msimu mzima, msimu ukiisha unamuona kwenye picha kavaa jezi ya timu nyingine, na klabu yako haijapata hata senti.

Jibu fupi: mkataba uliisha.

Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5. Kwa mwenye umri chini ya miaka 18 hauzidi miaka 3. Ukibaki muda wa miezi 6 au pungufu, mchezaji ana ruhusa ya kukubaliana na klabu nyingine na kusaini, kisha anahamia rasmi mkataba wake wa sasa ukiisha. Huyo ndiye tunamwita mchezaji huru. Ada ya uhamisho hapo haipo.

Sasa angalia timu nyingi za mikoani zinavyosajili: mkataba wa mwaka mmoja, mara nyingine msimu mmoja tu. Sababu inaeleweka, maana klabu haina uhakika kama mwakani itakuwa na pesa za mishahara. Lakini mkataba wa mwaka mmoja maana yake ni kwamba mchezaji wako akifika nusu ya msimu tayari anaweza kuzungumza na wengine. Wewe unamshangilia, yeye ameshamaliza biashara.

Ukimpa miaka miwili au mitatu, anayemtaka lazima aje mezani na pesa. Kwa upande mwingine, akivunjika mguu au akishuka kiwango, unaendelea kumlipa. Huo ndio mtihani wa viongozi, na hapo ndipo ubishi wa maana unapoanzia.

2. Mishahara ikichelewa, mkataba unayumba

Kuna njia nyingine ya kumpoteza mchezaji bila kulipwa, na hii inaziumiza zaidi klabu zenye njaa.

Kanuni za FIFA zinasema klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia barua akiipa siku zisizopungua 15 iwe imelipa. Siku zikipita kimya, ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kuondoka. Na klabu inaweza kudaiwa fidia juu yake.

Kwa hiyo ukisikia "kagoma mazoezini", usikimbilie kusema hana nidhamu. Uliza kwanza: amelipwa mara ya mwisho lini?

3. Karatasi zinashinda kelele

Mifano miwili mikubwa ya miaka ya karibuni inaonyesha nguvu ya karatasi.

*Bernard Morrison.* Mwaka 2020 winga huyu wa Ghana alitoka Yanga akatangazwa Simba. Yanga wakasema bado ana mkataba nao. Kesi ikaanzia TFF, ikaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Uswisi. Mwishoni mwa 2021 Yanga wakashindwa. Mashabiki walibishana zaidi ya mwaka mzima, lakini kilichoamua ni uhalali wa karatasi. Mwaka 2022 Morrison huyo huyo akarudi Yanga!

*Feisal Salum, Fei Toto.* Desemba 2022 kiungo huyu aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, akisema amevunja mkataba kwa kufuata kipengele chake. Yanga wakapinga, na kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukafika mpaka Rais Samia Suluhu Hassan kuutaja hadharani na kuomba umalizwe. Juni 2023 akatua Azam.

Somo kwa shabiki: kipengele cha kuvunja mkataba si cha kuandika ili kujaza karatasi. Kama maneno yake hayako wazi (nani analipa, kiasi gani, lini, kwa taratibu zipi) kila upande utakisoma unavyotaka. Sasa fikiria klabu ndogo isiyo na mwanasheria wa kudumu. Ikiingia kwenye mgogoro kama huo itasimamia wapi?

4. "Tubadilishane basi": kwa nini soka si besiboli

Hoja ya kubadilishana wachezaji inapendwa sana vijiweni: sisi tuwape huyu, wao watupe yule. Mbona haitokei mara nyingi?

Kuna mchezo ambao jambo hilo ni la kawaida kabisa. Ni besiboli ya Marekani, mchezo ambao hapa kwetu unachezwa kwenye shule chache kama Azania ya Dar es Salaam. Kwenye ligi yao kuu, timu mbili zinakubaliana kubadilishana wachezaji, na mchezaji anahamishwa pamoja na mkataba wake. Kwa kawaida haulizwi. Anaweza kulala yupo timu moja, akaamka ni wa timu nyingine upande wa pili wa nchi. Wanaoweza kukataa ni waliowekewa kipengele cha kuwalinda, au waliocheza ligi hiyo miaka 10 huku mitano ya mwisho wakiwa timu ile ile.

Huko nako mashabiki wanalia. Mwishoni mwa 1919 Boston Red Sox walimuuza Babe Ruth kwa New York Yankees. Boston walikuwa mabingwa mwaka 1918, na baada ya hapo hawakuuona ubingwa tena hadi 2004. Miaka 86 bila ubingwa, na watu wanabishana kuhusu uhamisho mmoja!

Kwenye soka mambo ni tofauti. Klabu mbili zikikubaliana, bado mchezaji mwenyewe lazima akubali na asaini mkataba mpya: mshahara, muda, marupurupu. Ili winga wako abadilishwe na straika wao, watu wanne wanatakiwa kusema ndiyo kwa wakati mmoja: klabu mbili na wachezaji wawili. Mmoja akigoma, dili limekufa. Ndiyo maana viongozi wengi wanaona rahisi kuuza huyu na kununua yule kila mmoja kivyake.

5. Mkopo: anayelipa ni nani, na anacheza dhidi ya nani?

Kwa timu za mikoani, mkopo ni njia ya kupata mchezaji mzuri kwa gharama ndogo. Klabu kubwa ina kijana anayekaa benchi, wewe unampa dakika. Anabaki mali ya mkataba wa kwao, mkopo ukiisha anarudi.

Kabla hujashangilia, kuna mambo matatu ya kuuliza:

- Mshahara: mnagawana, au mmoja analipa wote? Hii inategemea makubaliano.
- Mechi dhidi ya klabu yake: mara nyingi makubaliano yanamzuia kucheza dhidi ya klabu iliyomkopesha. Kwa hiyo siku ya mechi kubwa unaweza kumkosa mtu wako bora, na wala hajaumia.
- Mwakani: timu iliyojaa wachezaji wa mkopo inaanza upya kila msimu. Ukiwa na watatu, sawa. Ukiwa nao kikosi kizima, unawalelea wengine.

6. Dirisha kubwa, dirisha dogo

Usajili unafanyika mara mbili kwa mwaka. Dirisha kubwa linafunguliwa katikati ya mwaka, kabla ya ligi kuanza. Dirisha dogo linakuja ligi ikiwa inaendelea.

Timu kubwa zinatumia dirisha dogo kuziba pengo. Timu inayoogopa kushuka inalitumia kama hospitali: inaleta watu wengi kwa mkupuo, ikitegemea dawa ifanye kazi haraka. Tatizo ni kwamba wanaopatikana Januari wengi ni wale ambao hawachezi walipo, na kocha hana wiki za kutosha kuwaunganisha. Mchezaji anayekuja mwezi wa saba anapata maandalizi. Anayekuja Januari anapata mechi ya ugenini wiki inayofuata.

Halafu kuna wageni. Kikomo cha wachezaji wa kigeni Ligi Kuu kilikuwa 5, mwaka 2015 kikawa 7, mwaka 2018 kikapanda hadi 10, baadaye 12. Wenye pesa wakatanua vikosi, na ligi yetu ikang'ara Afrika. Lakini mzawa anayekosa nafasi Simba au Yanga anatafuta kucheza mikoani, na kijana wa mikoani naye anasukumwa chini zaidi. Kwa timu ndogo yenye macho, hiyo ni fursa, maana sokoni kuna wazawa wazuri wanaohitaji dakika.

7. Sabu: 5 kwa hesabu, 3 kwa nafasi

Tuje uwanjani. Wachezaji watano wa akiba waliruhusiwa kwa muda mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, na mwaka 2022 ikawa sheria ya kudumu. Lakini kila timu ina nafasi 3 tu za kusimamisha mchezo kufanya mabadiliko. Mapumziko hayahesabiwi.

Hapa wengi wanapigwa chenga. Kocha akitumia nafasi zote tatu hadi dakika ya 70, akiingiza mmoja mmoja, halafu dakika ya 80 mtu akaumia, timu inabaki pungufu. Haijalishi kwamba bado ana sabu mbili mkononi. Ndiyo maana unaona kocha anaingiza wawili au watatu kwa pamoja, na ndiyo maana wengine wanasubiri hata pale shabiki anapopiga kelele "toa huyo!"

Pia kumbuka: straika anayetolewa timu ikiongoza 1-0 si lazima awe amecheza vibaya. Huenda kocha anaongeza kiungo ili mpira usipite katikati. Beki anayetolewa mapumziko huenda ana kadi ya njano na winga wa upande wake ana kasi.

8. Dakika mbili zilizogharimu kombe

Mfano wa kubishania mbinu kwa adabu ni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, 2023.

Mei 28, Uwanja wa Mkapa, Yanga walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya USM Alger. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha. Uwanja ukalipuka. Dakika ya 84 Waarabu wakafunga la pili. Mechi ikaisha 2-1.

Juni 3 kule Algiers, Yanga wakashinda 1-0 kwa penalti ya mapema ya Djuma Shaban. Jumla 2-2, lakini USM Alger walikuwa na magoli mawili ya ugenini, Yanga moja. Kombe likabaki Algeria.

Sasa swali: baada ya kusawazisha dakika ya 82, Yanga walitakiwa kufanya nini? Kwenda kutafuta la pili mbele ya watu wao, au kutuliza mpira na kwenda Algiers na 1-1? Ukikumbuka kanuni ya goli la ugenini, unaona kwamba hilo goli la dakika ya 84 lilikuwa na uzito kuliko goli la kawaida. Matokeo yangekuwa 1-1 nyumbani, ule ushindi wa 1-0 ugenini ungewapa kombe. Hii ndiyo tofauti ya kusema "walizembea" na kuelewa kilichotokea.

Dabi ya Novemba 5, 2023 nayo ni darasa. Simba na Yanga zilienda mapumziko zikiwa 1-1. Ikaisha Yanga 5, Simba 1. Magoli manne kipindi kimoja! Baada ya siku chache kocha Robertinho akaondoka Simba. Ukibishana kuhusu mechi ile, uliza: timu ikifungwa la pili na la tatu, inaendelea kwenda mbele kutafuta heshima, au inajifunga kuzuia aibu? Hakuna jibu moja. Lakini kila uamuzi una bei yake.

9. Pesa ambazo mtaa unaziacha mezani

Hili halizungumzwi sana vijiweni, na ndilo linaloweza kubadilisha hali ya timu za huku kwetu.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Hesabu yake ni hii:

- Kauzwa kwa dola 1,000,000. Asilimia 5 ni dola 50,000.
- Kila mwaka wa malezi kuanzia umri wa miaka 12 hadi 15: dola 2,500.
- Kila mwaka kuanzia 16 hadi 23: dola 5,000.

Klabu ya Masasi iliyomlea kijana huyo akiwa na miaka 16, 17 na 18 ina haki ya dola 15,000. Hayo ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Kwa timu ya wilaya, ni basi, jezi, mipira na posho za msimu mzima. Na akiuzwa tena kimataifa, mgao unahesabiwa upya.

Mbali na hapo kuna fidia ya mafunzo, ambayo klabu ya nje hulipa inapomsajili kijana kabla hajavuka mwaka anaotimiza miaka 23. Kiasi kinategemea ngazi ya klabu inayomchukua.

Kutoka mwaka 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitisha malipo haya, kinachosoma kumbukumbu za usajili kwenye mfumo wa kielektroniki. Na hapo ndipo penye shida: mfumo unalipa kilichoandikwa. Kama kijana alicheza ndondo kwenye timu isiyosajiliwa, au alisajiliwa lakini miaka yake haikuingizwa, kwa mfumo miaka hiyo haipo. Mtaa mzima unajua nani alimfundisha kupiga mpira. Kompyuta haijui.

Fikiria safari ya Mbwana Samatta: African Lyon, Simba, TP Mazembe mwaka 2011, Genk Januari 2016, Aston Villa Januari 2020. Uhamisho wa kimataifa wenye ada kama huo wa Villa unagusa klabu za nyuma pia. Samatta anayefuata anaweza kuwa anacheza pekupeku Newala jioni hii. Je, jina lake limeandikwa popote?

Na tahadhari kwa wazazi: kwa kanuni za FIFA, mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kusajiliwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache maalumu. Mtu akija kuomba pesa za pasi na tiketi eti mwanao wa miaka 15 amepata timu Ulaya, nenda kwanza chama cha soka cha wilaya ukaulize.

Maswali matano ya kwenda nayo kijiweni

1. Mkataba wake unaisha lini?
2. Analipwa kwa wakati?
3. Kama ni mkopo, mwakani nafasi yake anashika nani?
4. Kocha alikuwa na nafasi ngapi za sabu zilizobaki?
5. Timu yetu ya wilaya imewasajili vijana wangapi kwenye mfumo msimu huu?

Hilo la mwisho muulize kiongozi wa klabu yako, si jirani yako. Straika wa kwanza kuondoka bure ni hasara. Wa tano, hapo ni uongozi.